Adhabu ya Kaburi Aijuaye Maiti: Utafiti wa Karibuni juu ya Maumivu na Wajibu wa Kumwamini Anayeumia

Wahenga wetu walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Wakasema tena: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hizi mbili zinakubaliana katika jambo moja, kwamba anayeumia anajua kitu ambacho jirani yake hawezi kukijua kwa namna ileile. Lakini kutoka hapo watu hufikia mahitimisho mawili yanayopingana. Wa kwanza husema: kwa kuwa siyaoni maumivu yake, sina sababu ya kuyaamini. Wa pili husema: kwa kuwa siyaoni, yeye ndiye shahidi wa kwanza, hivyo ni lazima nimsikilize.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba hitimisho la pili ndilo la haki, na kwamba utafiti wa kitabibu wa miaka ya karibuni unalithibitisha. Swali hili si la darasani tu. Sisi tunaojiandaa kwa upadre tutaitwa katika nyumba za wagonjwa usiku na mchana, na katika utume wa mwisho wa juma tumeshaanza kuingia humo. Humo tunamkuta mama anayelalamikia mgongo kwa miaka mingi, vipimo vyote vimetoka “safi”, na watu wa nyumbani wameanza kunong’ona: anajifanya, ni mvivu, amerogwa, ana pepo. Tunamkuta msichana anayekosa shule kila mwezi, akiambiwa kuwa hayo ni mambo ya kawaida ya wanawake. Padre akifika, kila mtu hungoja atasema nini. Neno lake laweza kumwinua mgonjwa, na laweza kufunga mlango wa mwisho aliokuwa nao.

1. Hoja inayoonekana kuwa sahihi

Minong’ono ya nyumbani ina mantiki yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuipanga hivi:

Kila maumivu ya kweli yana jeraha au ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo.
Mama huyu hana jeraha wala ugonjwa unaoonekana kwenye vipimo.
Kwa hiyo, maumivu ya mama huyu si ya kweli.

Kwa umbo lake, hoja hii haina kasoro. Ukikubali kauli mbili za mwanzo, huna budi kuikubali ya tatu. Ndiyo maana ina nguvu sana midomoni mwa watu, na ndiyo maana kumhurumia mama huyo bila kuijibu hoja hakutoshi. Anayetaka kumtetea lazima aonyeshe kwamba kauli moja kati ya zile mbili ni ya uongo. Sisi tunasema ni ya kwanza.

2. Kamba ya Descartes

Kauli hiyo ya kwanza ina historia. René Descartes, katika kitabu chake juu ya mwanadamu kilichochapishwa kwa Kifaransa mwaka 1664, miaka 14 baada ya kifo chake, alieleza maumivu kwa mfano wa mtu aliyesogeza mguu karibu na moto. Moto unagusa ngozi, unavuta uzi mwembamba uliopita mwilini hadi kwenye ubongo, na huko juu kitu kinaamka, kama vile mtu avutavyo kamba chini ya mnara na kengele ikalia juu. Ukivuta kwa nguvu, kengele inalia kwa nguvu. Usipovuta, hailii.

Picha hii ilisaidia sana, kwa sababu iliwafundisha waganga kutafuta chanzo cha maumivu mwilini. Lakini ina upungufu mkubwa: inadhani kwamba kiasi cha maumivu ni sawasawa na kiasi cha jeraha. Mambo ya hakika yanakataa.

Kwanza, kuna jeraha kubwa lisiloambatana na maumivu makubwa. Daktari Mmarekani Henry Beecher, aliyewahudumia askari waliojeruhiwa nchini Italia wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, aliandika mwaka 1946 kwamba wengi wao, ingawa walikuwa na majeraha mabaya, walipoulizwa walisema hawahitaji dawa ya maumivu. Kwa maoni yake, jeraha lilikuwa na maana tofauti kwa askari: lilimaanisha kwamba ameokoka na atarudi nyumbani.

Pili, wapo watu wasiosikia maumivu kabisa. Mwaka 2006 wanasayansi walitangaza matokeo ya uchunguzi juu ya familia kadhaa za kaskazini mwa Pakistan. Mvulana mmoja wa huko alikuwa akijipatia fedha mtaani kwa kujichoma visu mkononi na kutembea juu ya makaa. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Kwa ndugu zake wenye hali hiyo ilionekana kwamba jini moja, liitwalo SCN9A, lilikuwa na hitilafu, na kwa sababu hiyo mlango mmoja wa sodiamu katika neva za maumivu haukufanya kazi. (Jini hapa ni chembe ya urithi, si jini wa hadithi.) Kisa hiki kinatufundisha pia kwamba maumivu ni mlinzi. Asiye nayo yumo hatarini kufa mapema.

Tatu, picha za mgongo zenyewe. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 33 zenye watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Kati ya wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walionekana kuwa na diski za uti wa mgongo zilizoanza kuchakaa. Kati ya wenye miaka 80, walikuwa asilimia 96. Wote hao hawakuumwa. Kwa hiyo kuonekana kitu kwenye picha si uthibitisho wa maumivu. Na ikiwa picha yaweza kuonyesha kasoro pasipo maumivu, tuulize: je, maumivu yaweza kuwapo pasipo kasoro kwenye picha?

3. Maumivu pasipo jeraha

Yanaweza. Mfano wa zamani ni wa watu waliokatwa mguu au mkono. Ambroise Paré, mpasuaji wa Kifaransa wa karne ya 16, aliandika juu ya askari walioendelea kulalamikia maumivu katika kiungo ambacho hakipo tena. Kamba ya Descartes imekatwa, lakini kengele inalia.

Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza maelezo mapya. Walisema kwamba ndani ya uti wa mgongo kuna kitu kinachofanya kazi kama lango. Habari zinazotoka mguuni hazipiti moja kwa moja. Lango laweza kuzipunguza au kuziachia, na ubongo wenyewe hutuma amri za kulifunga au kulifungua. Ndiyo maana mtoto akijigonga goti, mama hulisugua, na maumivu hupungua kweli. Sehemu kadhaa za nadharia yao zimerekebishwa baadaye, lakini wazo kuu limebaki: mwili haupokei maumivu kama debe lipokeavyo maji, bali huyapima na kuyapanga.

Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha jambo jingine. Baada ya kuumia, neva za uti wa mgongo zaweza kuongezewa wepesi, zikaanza kupaza sauti hata kwa mguso mdogo. Tuchukue mfano wa mlinzi wa usiku. Nyumba imeibiwa mara moja. Tangu siku hiyo mlinzi anapiga filimbi paka akipita, jani likianguka, mwenye nyumba mwenyewe akitoka nje. Filimbi ni ya kweli, usingizi uliokatika ni wa kweli, ila mwizi hayupo. Kumwambia mwenye nyumba kwamba hakusikia filimbi kwa sababu hatukuona mwizi ni upuuzi.

Kwa msingi huo, wataalamu leo wanatofautisha aina tatu za maumivu. Aina ya kwanza hutokana na tishu iliyoumia au kuwaka, kama mfupa uliovunjika au jipu. Aina ya pili hutokana na neva yenyewe kuharibika, kama kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari au waliougua mkanda wa jeshi. Aina ya tatu, iliyopewa jina rasmi mwaka 2017, ni maumivu yatokanayo na mfumo wa maumivu uliobadilika utendaji wake, pasipo jeraha wala ugonjwa wa neva unaotosha kuyaeleza. Mtu mmoja aweza kuwa na aina mbili au zote tatu kwa pamoja.

Mwaka 2020 Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu kilirekebisha maana rasmi ya maumivu iliyokuwapo tangu mwaka 1979. Kwa maneno yetu wenyewe: maumivu ni hali isiyopendeza, ya hisi na ya moyo pia, iambatanayo na kuumia kwa mwili, au inayofanana na ile iambatanayo na kuumia huko. Maelezo yaliyofuatia yanasisitiza kwamba mtu anaposema anaumia, kauli yake iheshimiwe, na kwamba asiyeweza kusema, kama mtoto mchanga, asidhaniwe kuwa haumii. Tangu Januari 2022, orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayatambua maumivu yanayodumu au kurudiarudia kwa zaidi ya miezi 3 kuwa maumivu sugu, na inakubali kwamba maumivu hayo yaweza kuwa ugonjwa wenyewe, si dalili tu ya ugonjwa mwingine.

Basi kauli ya kwanza ya ile hoja imeanguka, na hitimisho lake limebaki bila msingi. Tuwe waangalifu hapa: hatujathibitisha kwamba kila anayelalamika anasema kweli. Tumethibitisha tu kwamba vipimo “safi” havitoshi kumhukumu kuwa mwongo. Kwa mtu ambaye heshima yake nyumbani imesimama juu ya karatasi ya maabara, hilo ni jambo kubwa.

4. Gharama ya kutoamini

Kutoamini kumewahi kuwagharimu watu kiasi gani? Tutaje mifano mitatu.

Wa kwanza ni wa watoto wachanga. Hadi miaka ya 1980, katika hospitali za nchi tajiri, vichanga wengi walifanyiwa upasuaji wakiwa na dawa kidogo mno ya kuzuia maumivu, au bila dawa hiyo kabisa, kwa dhana kwamba neva zao hazijakomaa. Mwaka 1987 daktari Kanwaljeet Anand na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vichanga waliopewa dawa ya maumivu wakati wa upasuaji hawakupata mtikisiko mkali wa mwili kama wenzao, na walipona wakiwa na matatizo machache. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford walipiga picha za ubongo za vichanga 10 na watu wazima 10. Kati ya sehemu 20 za ubongo zilizoamka kwa watu wazima walipochomwa kidogo mguuni, 18 ziliamka pia kwa vichanga. Kila mama aliyewahi kumpeleka mwanawe chanjo alilijua hilo.

Mfano wa pili ni wa rangi ya ngozi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walionyesha kwamba nusu hivi ya wanafunzi wa udaktari na madaktari vijana weupe waliohojiwa waliamini angalau jambo moja la uongo juu ya miili ya watu weusi, kwa mfano kwamba ngozi yao ni nene zaidi. Walioamini hayo waliyakadiria maumivu ya mgonjwa mweusi kuwa madogo, na mapendekezo yao ya tiba yalikuwa na makosa zaidi.

Mfano wa tatu uko karibu nasi. Kuna ugonjwa uitwao endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na ile ya ndani ya mfuko wa uzazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa unawapata asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, yaani milioni 190 duniani. Maumivu yake wakati wa hedhi yaweza kumlaza mtu chini, na mara nyingi hupita miaka kadhaa kabla haujatambuliwa. Sababu mojawapo ni kwamba binti akilalamika, jibu huwa tayari: vumilia, hata mama yako alivumilia. Wenye shule na parokia, na sisi tukiwamo, tunapaswa kujua kwamba maumivu ya hedhi yanayomzuia binti kusoma yanastahili daktari.

5. Tiba: kinachosaidia na kisichosaidia

Kumwamini mgonjwa si sawa na kumpa kila dawa. Kwa kweli, matokeo mengi ya karibuni yanatufundisha kiasi.

Tuanze na dawa za jamii ya afyuni. Mwaka 2018 ulitangazwa utafiti wa Marekani wa askari wastaafu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au goti. Baada ya miezi 12, waliotumia dawa za jamii ya afyuni hawakuweza kufanya kazi zao vizuri kuliko waliotumia dawa nyingine za kawaida, na maumivu yao yalikuwa makali zaidi kidogo. Mwaka 2023 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti wa Australia wa watu 347 wenye maumivu mapya ya mgongo au shingo. Baada ya wiki 6, waliopewa dawa ya jamii hiyo hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Wakati huohuo, ujuzi wa milango ya neva umeanza kuzaa matunda. Mwaka 2021 Tuzo ya Nobel ya Tiba ilitolewa kwa David Julius na Ardem Patapoutian kwa kugundua vipokezi vya joto na vya mguso. Julius alikifikia kipokezi chake kwa kutumia kile kiini cha pilipili kinachowasha ulimi. Tarehe 30 Januari 2025 Marekani iliidhinisha dawa mpya iitwayo suzetrijini, inayofunga mlango mwingine wa sodiamu, ndugu wa ule wa familia za Pakistan. Kwa kuwa inafanya kazi kwenye neva za nje ya ubongo, haitegemewi kuleta uraibu. Hata hivyo imeidhinishwa kwa maumivu ya muda mfupi tu ya watu wazima, na katika majaribio baada ya upasuaji haikuishinda dawa ya mchanganyiko wa afyuni na parasetamo.

Kwa wagonjwa wa seli mundu, ugonjwa unaolia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kuna habari njema zaidi. Utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, uliotangazwa mwaka 2019, uliwapa watoto 606 dawa ya kumeza iitwayo haidroksiurea. Vipindi vya maumivu makali vilipungua kwa zaidi ya nusu, na malaria na vifo vilipungua pia. Hapa tiba haikungoja maumivu yaje ndipo iyatulize, bali iliyazuia.

Kwa mgongo, baadhi ya matokeo mazuri hayakutoka kwenye kidonge. Mwaka 2024 utafiti wa watu 701 nchini Australia, waliokuwa wamepona maumivu ya kiuno, ulionyesha kwamba walioongozwa kutembea kwa miguu hatua kwa hatua, hadi dakika 30 mara 5 kwa juma, walikaa siku 208 kwa wastani wa kati kabla ya maumivu kurudi. Wenzao ambao hawakuongozwa walikaa siku 112. Na katika mji wa Boulder, Marekani, watu 151 wenye maumivu sugu ya mgongo waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilipata mazungumzo ya wiki 4 ya kuufundisha ubongo kwamba mgongo uko salama. La pili lilipewa sindano ya maji ya chumvi, likijua kuwa haina dawa. La tatu liliendelea na tiba ya kawaida. Mwishoni, waliobaki bila maumivu au karibu bila maumivu walikuwa asilimia 66 katika kundi la kwanza, 20 katika la pili na 10 katika la tatu.

Tahadhari ni muhimu. Watu wa Boulder walikuwa wamechunguzwa kwanza, na wenye magonjwa mengine mazito hawakuingizwa. Mgonjwa wa mgongo mwenye homa, anayekonda, mwenye ganzi miguuni au asiyeweza kuzuia mkojo anahitaji hospitali upesi. Kwetu kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo. Mazungumzo hayaondoi kifua kikuu, wala maombi hayachukui nafasi ya vipimo.

6. Je, basi maumivu yako kichwani tu?

Mtu mwerevu atauliza: ikiwa mazungumzo yameondoa maumivu, je, si ushahidi kwamba yalikuwa mawazo tu? Tunajibu kwamba swali hili bado limeshikilia kamba ya Descartes. Linadhani kuna mambo mawili yaliyotengana, mwili halisi upande huu na mawazo hewa upande ule, na kwamba kilichoguswa na neno hakiwezi kuwa cha mwili.

Mtakatifu Thoma wa Akwino hakugawa mtu hivyo. Katika sehemu ya pili ya Summa, swali la 35, anafundisha kwamba tunayaita maumivu kuwa ya mwili kwa sababu chanzo chake kiko mwilini, lakini mwendo wenyewe wa kuumia umo daima katika nafsi, kwa maana mwili usio na nafsi hauumii. Maiti haiumwi jino. Anayeumia si uti wa mgongo, wala si ubongo, bali ni mtu mzima, na mtu huyo ni mmoja. Kwa hiyo haishangazi kwamba kinachogusa hofu yake chaweza kupunguza maumivu ya kiuno chake, kama vile kidonge kinachogusa neva zake chaweza kumrudishia furaha.

Katika swali la 38 Thoma anaorodhesha vinavyotuliza huzuni na maumivu: furaha, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, kisha usingizi na kuoga. Hatusemi kwamba alitabiri utafiti wa Boulder. Tunasema kwamba mtu aliyeweka usingizi na maji ya kuoga katika orodha moja na kuutafakari ukweli alikuwa anamjua binadamu, na leo yeyote anayewatibu wenye maumivu sugu ataulizia kwanza wanalalaje.

7. Mofini na swali la maadili

Limebaki swali linaloulizwa sana vitandani: je, Mkristo akitumia dawa kali ya maumivu, anaukimbia msalaba? Na mofini si dawa ya kumharakishia mtu kifo?

Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pius XII alijibu maswali ya madaktari wa nusukaputi. Alifundisha kwamba Mkristo hafungwi kuyatafuta maumivu kwa ajili ya maumivu yenyewe, na kwamba inaruhusiwa kuyatuliza, hata kama dawa ingeweza kufupisha maisha, mradi kifo hakikusudiwi, sababu ni nzito na hakuna njia nyingine. Aliongeza kwamba mgonjwa asinyimwe fahamu zake bila sababu ya maana, ili aweze kutimiza wajibu wake wa mwisho. Katekisimu, namba 2279, inaendeleza mafundisho hayo na kuiita tiba shufaa namna bora ya mapendo. Mgonjwa aweza kuchagua kwa hiari yake kutoa mateso yake pamoja na Kristo. Lakini hiari hiyo ni yake. Sisi tulio wazima hatuna mamlaka ya kumtolea sadaka ya maumivu ambayo hatuyasikii. Msamaria wa Injili hakumhubiria majeruhi juu ya thamani ya mateso. Alimimina mafuta na divai, dawa zilizopatikana wakati ule.

Tutofautishe pia mambo mawili. Tafiti tulizozitaja zinaonya dhidi ya afyuni kwa mgongo wa kawaida. Hazisemi kitu dhidi ya mofini kwa mgonjwa wa saratani. Kwake, ikitolewa kwa vipimo sahihi na kupandishwa taratibu, mofini ni dawa ya kumwezesha kulala, kuongea na watoto wake na kuungama akiwa na akili timamu. Nchini Uganda, shirika la Hospice Africa lililoanzishwa mwaka 1993 na daktari Anne Merriman lilionyesha kwamba mofini ya maji ya kunywa yaweza kutengenezwa kwa gharama ndogo, na tangu mwaka 2004 wauguzi waliopata mafunzo maalumu nchini humo wanaruhusiwa kuiandika. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, na Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hutoa tiba shufaa pia.

Pamoja na hayo, pengo ni la kutisha. Tume ya jarida la The Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za aina ya mofini zilizogawanywa duniani kwa mwaka, nchi maskini zaidi zilipata tani 0.1 tu. Upande mmoja wa dunia watu wanakufa kwa kuzidishiwa dawa hizi. Upande mwingine wanakufa wakipiga kelele kwa kuzikosa. Hili ni swali la haki kabla ya kuwa swali la famasia.

8. Tunapoingia kwa mgonjwa

Kutokana na yote haya, tunapendekeza mambo matano kwa wanaotembelea wagonjwa.

Kwanza, tumwombe mgonjwa atueleze maumivu yake kwa maneno yake, na tusimkatize. Pili, tusimwambie kamwe kwamba hana kitu kwa sababu vipimo havikuonyesha kitu. Tumwambie kwamba vipimo havijaonyesha sababu, na kwamba hilo hutokea. Tatu, tusikimbilie kutaja uchawi, pepo au dhambi, kwa sababu kumtafutia mgonjwa kosa ni kumwongezea mzigo. Nne, tumtie moyo aende hospitali au arudi huko, na familia ikiogopa mofini, tuwaeleze ukweli. Tano, tukumbuke wasiolalamika. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wapo wanaume, wazee na watawa waliofundishwa kwamba kunyamaza ndiyo imani.

Atadanganya mtu siku moja? Yawezekana. Lakini tupime hasara mbili. Tukimwamini mwongo, tumepoteza saa moja na huruma kidogo. Tukimkataa msemakweli, tumemwacha peke yake na shahidi wake pekee, yaani yeye mwenyewe.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Panga upya hoja ya sehemu ya kwanza ukitumia mtoto mchanga badala ya mama. Ni kauli gani inayoanguka, na kwa ushahidi gani?

2. Katika lugha yenu ya nyumbani, kuna maneno mangapi ya kutaja maumivu? Yanatofautisha nini?

3. Familia inamkatalia baba yao mofini kwa kuogopa kwamba “itammaliza”. Padre aseme nini, na ni jambo gani amwachie daktari aseme?

4. Je, parokia yenu inajua huduma ya tiba shufaa iliyo karibu iko wapi? Kama haijui, nani ataulizia kabla ya Siku ya Wagonjwa Duniani ijayo, tarehe 11 Februari?